Hamira Iliyokufa Madhabahuni

Mwenzangu, uko? Acha hilo unalofanya, usome hapa.

Leo mzee wa kanisa, yule wa koti la kijivu, kapanda madhabahuni na beseni la unga. Eti atuonyeshe dhambi inavyoenea! Anatia hamira kijiko kimoja, na akimaliza kuhubiri unga utakuwa umefura mpaka juu.

Sasa hamira yenyewe kaikoroga na maji ya birika yaliyotoka kuchemka. Mvuke unafuka! Mimi ninayeoka mikate mwaka wa kumi na moja nikamnong'oneza kutoka kiti cha mbele, "Mzee, utaiua hiyo." Akanijibu, "Mama Mikate, hapa si jikoni kwako." Kwenye kipaza sauti! Kanisa zima limesikia!

Basi akakanda, akafunika, akahubiri saa nzima. "Chachu imo kati yetu. Imo kwenye kwaya, safu ya pili, na tumbo limeanza kuonekana." Safu ya pili wasichana ni wawili tu, mwenzangu. Wawili!

Kisha kafunua kitambaa kwa mbwembwe. Unga umelala vilevile kama maiti. Watoto wakaangua kicheko. Akasema shetani kaingilia kati. Shetani gani, wakati ni birika!

Ila sikia. Kabla sijafika getini, watu watatu walishaniuliza ni binti yupi. Unga wake haukuumuka hata kidogo, lakini lile neno lilishaumuka kanisa zima.

Na wote watatu, mwenzangu, niliwatajia jina.