Leseni ya Kepteni, Mkono wa Shemeji

Mshauri wetu, shikamoo. Sijawahi kuandikia gazeti, lakini hili limenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kumwambia, maana wote wako upande wa pili.

Mimi ni mratibu kwenye kampuni ndogo ya filamu, yaani mimi ndiye natafuta watu, magari, vibali na chakula, na mimi ndiye napanga nani afike saa ngapi na aondoke saa ngapi, na sasa tuna tukio kubwa la soko, tumejenga vibanda kwenye uwanja nyuma ya ghala la mbao, tumeita akina mama na watoto wa kujaza soko, na mwongozaji anataka droni ipite chini chini juu ya vichwa vyao ikimfuata mwigizaji anayekimbia. Nikaajiri rubani wa droni mwenye leseni, tunamwita Kepteni, kibali kikatoka kwa jina lake na bima vilevile. Alipokuja kukagua uwanja akazunguka, akatazama nyaya za umeme, akapima upepo, halafu akasema atapiga picha kutoka pembeni tu, juu ya watu hapiti. Mwongozaji alinuna, akasema Kepteni ni mwoga na anatuharibia filamu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye hupiga picha za harusi kwa droni yake na kwa kweli mkono anao, anaipitisha katikati ya maharusi wakicheza, ila leseni hana na kila mwaka anasema ataenda kusomea. Mume wangu akamwonyesha mwongozaji video zake, mwongozaji akafurahi kupita kiasi, wakapanga wenyewe sebuleni kwangu mimi nikiwa jikoni: Kepteni aje asubuhi apige za pembeni, kisha mimi nimwambie kazi yake imekwisha, akapumzike, na akishaondoka shemeji arushe kwa kibali kilekile cha Kepteni, kwa kuwa hakuna atakayeuliza nani kashika rimoti.

Nilipokataa, mume wangu akasema naona wivu ndugu zake wakiinuka. Mama mkwe naye amenipigia kunishukuru kwa kumtoa mwanawe kimaisha, ameshawatangazia majirani, akaniombea dua simu nzima, nami nikaishia kuitikia amina. Binti yangu alikuwa miongoni mwa watoto wa sokoni, nimemtoa, nimesema ana kikohozi. Tunapiga picha wiki ijayo, na nikigoma nitakuwa adui wa ukoo mzima na huenda hata kazi nikaikosa, nikikubali usingizi sina. Nifanye nini?

Mratibu Niliyebanwa

*

Dada Mratibu, marahaba.

Pole. Kubanwa na bosi ni jambo moja, kubanwa na mama mkwe anayekuombea dua ni jambo jingine kabisa, hapo nakuelewa. Lakini tusidanganyane. Binti yako hana kikohozi. Umemtoa kwa sababu unajua kile kidude kina mapanga yanayozunguka, na kwamba shemeji wa maharusi hajawahi kumfuata mtu anayekimbia katikati ya umati. Kwa hiyo uamuzi umeshaufanya, ila umeufanya kwa ajili ya mtoto mmoja. Wale wengine nao wana mama zao, na mama zao wanakuamini wewe uliyewaita.

Halafu Kepteni wa watu amekukosea nini? Ulimwajiri mtu mwenye leseni, akaja, akatazama, akasema hapana. Hiyo ndiyo kazi uliyomwitia. Kurusha hata shemeji anaweza, tumeshaambiwa. Sasa kidude kikianguka juu ya mtu, jina litakalosomwa kwenye kibali ni la Kepteni, naye wakati huo yuko kwake amevua viatu. Bima haitalipa. Kisha wataulizana nani alimwondoa uwanjani, na hapo mwongozaji atasema hajui lolote, mume wako hata si mfanyakazi wa pale, utabaki wewe. Hao wapangaji wako wa sebuleni walikuwa na akili kuliko unavyodhani.

Mpigie Kepteni leo, kabla ya mtu mwingine yeyote, umwambie ulichoombwa kufanya. Ana haki ya kujua jina lake linatumiwa wapi. Umuulize kama anaweza kulipiga soko kutoka juu likiwa tupu, na watu awapige kutoka pembeni, vipande vikaunganishwe wakati wa kuhariri. Akisema inawezekana, mpelekee mwongozaji. Mwongozaji akigoma, panda kwa mwenye kampuni, umwambie kwa maandishi kwamba hutamwondoa Kepteni uwanjani. Kazi unaweza kuikosa, ndiyo, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Utatafuta nyingine.

Nyumbani, usibebe mzigo usio wako. Mume wako ndiye aliyemwahidi mdogo wake, basi yeye ndiye atakayekwenda kumwambia, kwa mdomo wake, wewe hata usiwepo. Shemeji mwombee nafasi ya kusimama karibu na Kepteni siku hiyo, amwangalizie nyaya na watu, aone mwenye leseni anavyofanya kazi. Mkono anao, umesema mwenyewe. Aache visingizio vya kila mwaka, aende akasome.

Shemeji atanuna. Mama mkwe naye atanuna, na simu zitapoa kwa muda. Zikirudi, usijitetee kwa maneno mengi. Msalimie kwanza, halafu mwambie hivi: "Mama, ningemwachia arushe, sasa hivi angekuwa mahabusu, na mimi na wewe tungekuwa tunazika mtoto wa mtu."