Sahani Zangu Haziendi Mnadani

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Kahama tu wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mpunga, na goti langu limetulia. Umeuliza kwa nini namkatalia baba yako mkubwa, anayetaka niuze sahani zangu kuukuu za kaure ya Kichina ninunue ng'ombe.

Ya kwanza niliinunua nikiwa mwalimu kijana, nimeolewa karibuni kijijini Samuye. Aliniuzia mama mmoja wa pwani, muuza vitenge. Baba mkwe alinicheka mbele ya wageni.

"Mkwe wangu anafuga sahani! Itazaa lini?"

"Haitazaa, Baba," nilijibu nikiwa nimepiga magoti, "lakini kiangazi hakitaiua."

Mama mkwe akaniambia niirudishe, la sivyo nirudi nayo kwetu. Sikuirudisha. Jioni nilimpakulia mzee mchuzi humo humo, na ugali kando.

Alikula kwa hasira. Mchuzi ulipopungua, samaki wa buluu aliyechorwa chini ya mng'ao wa sahani akajitokeza. Mzee alisita, akapangusa kwa tonge mpaka jicho la samaki likaonekana, akalitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na zizi lililojaa, lakini nadhani hakuna aliyewahi kumwekea mbele yake kitu cha kupendeza macho tu.

Kesho yake alikataa sahani ya bati.

Basi mwambie baba yako mkubwa kwamba siuzi. Akija na dalali, nitawapakulia humo wote wawili. Watashiba, na wataondoka mikono mitupu.

Ni mimi,
Bibi yako