Kahawa Iliyonyeshewa

Bwera, Jumatatu

Mpwa wangu Biira,

Miguu imevimba, lakini bodaboda bado hunifikisha kwenye ghala letu la kahawa. Kila Jumatano wafanyakazi husoma pamoja kitabu cha uongozi. Jumatano iliyopita Shallon, msimamizi wao, aliniuliza mbele ya wote, "Mzee, ulipokuwa bosi, uliwahi kumtwika mtu kosa lako?"

"Hata mara moja," nikajibu.

Wakanipigia makofi.

Biira, ni mimi niliyeamuru kahawa ile iachwe nje siku ya mvua. Ilipoharibika, nikakutwika wewe kosa na kukufukuza kazi, ukaenda ziwani Kasenyi kuuza samaki.

Jumatano hii, Mungu akiniachia pumzi, nitawasomea nakala ya barua hii. Usinipigie simu kabla ya hapo. Ukinisamehe mapema, nitapata sababu ya kunyamaza tena.

Mjomba wako,
Bwambale