Boneti ya Moto

Jumanne, Kyebando

Na ile gari nilikuwa nimeshaipenda. Stesheni wagoni ya dizeli, nyeupe, nyuma inatosha magunia yangu ya vitunguu ya soko la Kalerwe.

Jana nilimwomba muuzaji asiiwashe kabla sijafika, maana dizeli mbovu hujulikana ikiwashwa baridi. Leo nikaweka mkono juu ya boneti. Moto.

"Ni jua tu, nyabo," akasema, akiniita mama kwa lugha yao. Gari ilikuwa kivulini.

Alipoiwasha iliwaka vizuri, lazima iwake. Kisha akauliza, "Fundi wako yuko wapi?" Hapa hakuna anayekwenda kununua gari peke yake. Unakuja na fundi, au shemeji, au hata jirani wa kupiga tairi teke. Watu wangu wote wako Kisumu.

Nikatoa simu, nikajifanya nampigia fundi. Nikamweleza moshi, mlio, joto la boneti. Muuzaji akachoka kusubiri, akaenda kwa mteja mwingine.

Mimi nikabaki na simu sikioni. Habari za gari zilikuwa zimekwisha, nikawa namwambia fundi goti bado linaniuma, na leo mchana nimekula nini.