Tao la Mgeni wa Heshima

Giakanja, Nyeri

Mama mpendwa,

Baridi ya huku inang'ata, lakini mimi leo nachemka kwa hasira. Vijana wa hapa waliotesha miche kwenye mikebe ya maziwa, wakaipanda kando ya mto unaokauka, wakaitunza miaka miwili. Leo ilikuwa sherehe ya kupanda miti, na mgeni wa heshima alikuwa anakuja. Ati wazee wa kamati wakaikata miti ile ile, wamjengee tao la kumpokea! Mgeni akalisifu. Wangui, msichana anayewaongoza vijana, akamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo miti yetu." Watu wakadhani anajivunia, wakapiga makofi!

Nitachelewa kurudi, mama. Nisalimie wote nyumbani, na tafadhali usitupe mkebe hata mmoja.

Mwanao,
Rehema