Mashine ya Mlango wa Nyuma

Kipawa, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kwa sauti na Mjomba anakushangaa unaongea na karatasi. Goti linaendeleaje? Baridi ya huko Njombe imekuachia kidogo, au bado unapanda kitandani na soksi mbili? Sie huku wazima wa mwili. Imani ameota meno ya nyuma na amejifunza kusema "sitaki". Anamwambia kila mtu isipokuwa baba yake.

Utasema, huyu ana nini, juzi tu tumeongea kwa simu, leo barua ya nini? Mama, isome ukiwa peke yako, au na Mjomba tu. Simu yangu sinayo. Mwezi wa pili huu Baba Imani ananiambia iko kwa fundi, na mie nimeacha kuuliza. Ile ninayoongea na wewe ni yake. Anaiweka mezani, anawasha spika, anakaa. Ndiyo maana ukiniuliza "mnaishi vizuri?" najibu harakaharaka kama mtoto wa shule aliyekariri.

Na vile vigelegele vyako, jamani! Spika ilikwaruza. "Mkwe wangu anamnunulia mwanangu mashine ya kufua na kukausha humohumo!" Umeshawatangazia na kwaya nzima, nakujua. Nilicheka na wewe kwa sababu alikuwa ananitazama. Sasa acha nikusimulie hiyo mashine ilivyochaguliwa.

Kosa la kwanza ni langu na mdomo wangu. Wakati wa mvua nililalamika weee. Nguo hazikauki, naanika naanua, naanika naanua, halafu siku moja mtu akapita na shuka la Imani kwenye kamba. Nikasema, "Mie nimechoka, bora hata mashine." Nilisema tu, kama mtu anavyosema bora hata angekuwa na gari. Kesho yake Baba Imani akarudi na tepu ya kupimia.

Yeye ndivyo alivyo, Mama. Ukilalamikia kitu, anakiondoa. Nililalamika kuchota maji bomba la jirani, akavuta maji hadi ndani. Nililalamika mtungi wa gesi mzito, sasa gesi inaletwa. Nililalamika watoto wa chekechea wananichosha, akaenda mwenyewe kuongea na mwalimu mkuu, nikashtukia nimeshaacha kazi. Shuka lilipoibwa akaweka kufuli kwenye geti la mbele, akitoka asubuhi analifunga kwa nje na ufunguo anaondoka nao. "Kwa usalama wenu," anasema. Na kila mara mie mjinga nimesema asante.

Nilimweleza msimamizi wangu wa ndoa, maana tulifundishwa tukiwa na jambo twende kwa wasimamizi. Tulikuwa nje ya kanisa, Baba Imani anaongea na wazee. Akanisikiliza, akaguna. "Mwenzangu una kichaa? Wenzio waume zao hata hawajui gesi inauzwa wapi!" Jioni hiyohiyo Baba Imani alijua nilichosema, neno kwa neno. Hakugomba. Alisema tu hakujua kama nina huzuni.

Jumamosi akatupeleka dukani Mikocheni. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilivaa lile gauni la bluu ulilonishonea, nikampaka Imani mafuta hadi akang'aa. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, anaijua kazi yake. Akatueleza kwamba mashine moja inafua kilo nane lakini inakausha tano tu, kwa hiyo ikimaliza kufua inabidi utoe nguo nyingine nje, la sivyo zinatoka na unyevu na mikunjo. Kufua hadi kukausha ni masaa, na umeme inakula kwelikweli. Nikauliza khanga zikichuja rangi je, maji yakikatika katikati je. Nilijiona mtu, Mama. Miezi mingi hakuna aliyenijibu swali kwa kunitazama usoni.

Halafu yule mama akashusha sauti. "Baba, niwe mkweli. Wateja wangu wengi wanachukua ya kufua tu. Jua la Dar hili, jinzi inakauka hujamaliza chai."

Baba Imani akatabasamu. "Jua liko nje," akasema.

Yule mama alicheka, alidhani utani. Mie pia nilianza kucheka, nikaona yeye hatanii.

Ingekuwa huko Njombe ningeelewa, sweta unalianika juu ya moto siku tatu, bado bichi na linanuka moshi. Lakini Kipawa! Nani anakausha nguo kwa umeme Kipawa?

Zilibaki mbili za kuchagua. Mie nilitaka ile nyembamba, ingeingia chini ya kaunta ya jikoni bila kumsumbua mtu. Nyumba yetu unaijua kwa picha tu: vyumba viwili, sebule, jiko, na kikorido kinachokwenda mlango wa nyuma. Yeye akavuta tepu kwenye ile pana, akapima mara mbili, akaandika kwenye kiganja. "Hii inakaa sawasawa pale mlango wa nyuma. Bomba liko palepale ukutani."

Nikamwambia, "Sasa Baba Imani, tutapitaje?"

"Kwenda wapi?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Yule mama akavua miwani akaanza kuifuta. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa kabla yangu.

Mlango wa nyuma ndio pekee ninaotokea. Unafungukia uani, kwenye kamba za nguo, na uani tunashirikiana na Mama Salma, mke wa mwenye nyumba. Ni Mwarabu wa hapahapa, mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza alishika kiuno: "Ala! Mie naona kufuli geti la mbele najua hamna mtu, kumbe umo ndani na mtoto?" Tangu hapo nikianika anatoka na kahawa yake, ananipa kashata, tunacheka kidogo, narudi. Siku nyingine nafua nguo safi ili nitoke. Wiki iliyopita nimefua mapazia mara mbili.

Hajanipiga. Najua utauliza, na kila mtu atauliza, na mie sina alama ya kuonyesha. Lakini naogopa, Mama. Madirisha yote yana nondo. Mashine iko sebuleni ndani ya boksi lake, Imani anaipiga kama ngoma, na fundi anakuja Jumamosi kuifunga. Ikishafungwa pale, mie na mwanangu hatuna pa kutokea hadi yeye apende.

Kwa hiyo Ijumaa, akishakwenda kazini, natokea uani, kwa geti la upande wa Mama Salma. Mama Salma ana dada yake Kibamba, nitalala huko, alfajiri basi la Njombe linapita mlangoni kwao. Mama Salma ndiye aliyenipa karatasi hii na ndiye atakayeituma kwa basi, jina la Mjomba juu, maana Mjomba yuko stendi kila siku na mbao zake. Alhamisi Baba Imani atakupigia kama kawaida. Tafadhali, sifia mashine. Piga vigelegele kama siku ile. Ukinisikia nimepoa, jifanye hukusikia.

Msalimie Mjomba, mwambie namtegemea yeye kufunga mdomo wako. Msalimie Bibi, asiambiwe kitu, presha yake haiwezi. Mdogo wangu wa mwisho mwambie aendelee na chuo, na harusi asiharakishe. Imani anamsalimia kuku wake mweupe, kama hamjamla.

Mwanao akupendaye,
Tumaini

Mama, nimeifungua tena. Saa tano hii Baba Imani amerudi nyumbani. Hajawahi kurudi saa tano. Nilikuwa uani na Mama Salma. Alisimama mlangoni hadi nikaingia, akapima kikorido tena, akasema fundi amepata nafasi, anakuja kesho asubuhi. Halafu amerudi kazini. Leo amejaribu na mlango wa nyuma kama una ufunguo. Hauna, una komeo tu la ndani.

Basi natoka sasa hivi. Imani nimemvalisha, nguo zetu ziko kwenye beseni, atakayeniona atajua nakwenda kuanika. Nalala Kibamba leo, kesho alfajiri nitakuwa kwenye basi. Barua hii Mama Salma ataituma kesho kutwa, ili ikipotea mikononi mwa watu nisikutwe njiani. Kwa hiyo mie nitafika kabla yake.

Kama unaisoma na sijakaa hapo kando yako, usipige simu. Njooni, wewe na Mjomba, mpitie polisi kwanza. Baba Imani akiwaambia kwamba nimesafiri, msikubali. Zungukeni uani kwa Mama Salma. Mlango wa nyuma hautafunguka, mashine itakuwa imeuziba. Gongeni dirisha la jikoni, mniite kwa jina langu.