Aina ya Mzigo

Mpendwa Dada,

Naomba barua hii ikukute umekaa, tena umeshakula, maana ni ndefu na ina mifupa. Sisi huku hatujambo kwa kadiri yetu. Kibanda changu cha viatu bado kimesimama, na kitambi changu hakijaniangusha. Mama anaendelea vizuri, nitakueleza ni vizuri kwa kiasi gani. Barua yako tuliipata. Umesalimia kila mtu mpaka paka. Wifi yako ndiye uliyemruka. Aliona. Alisema tu kwamba paka amefurahi sana.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, Mama anakushukuru kila mara kwa zawadi gani, nawe hujatuma hata kitambaa? Ukahofia ni uzee unamchanganya. La pili, nani anamuunguza Mama tumbo, kwa sababu tumbo haliungui bila mtu kuwasha moto. Hukumtaja mtu, lakini neno pilipili uliliandika mara tatu, nasi tunajua pilipili za nyumba hii ziko mkononi mwa nani.

Nikueleze kwanza kilichonipata forodhani.

Unakumbuka magoti ya Mama yalivyokuwa. Zile ngazi tatu za mlangoni alikuwa akizipanda kama mtu anayeomba radhi kwa kila moja. Basi nikaona kwenye simu vidonge vya kuimarisha viungo, vinauzwa na watu wa ng'ambo. Palikuwa na picha ya bibi mwenye mvi anaruka benchi la bustani. Mimi ambaye hata benchi la kibandani kwangu siliruki, nikaamini. Makopo mawili ya kwanza yalifika bila swali, yamebandikwa karatasi kwamba ni chakula cha nyongeza. Siku ya kumi Mama akaenda sokoni na kurudi peke yake, wewe mwenyewe uliposikia ukasifu. Nikaagiza mengine manne.

Haya ndiyo yaliyozuiwa. Nikaitwa ofisini kwao, nikapewa fomu. Penye "Aina ya mzigo" nikaandika DAWA, kwa herufi kubwa, nikidhani neno lenyewe litawatisha waniachie haraka. Neno hilo mimi nalitumia kutwa: dawa ya viatu, dawa ya kunguni, dawa ya mke akinuna.

Afisa alikuwa mama mwembamba, miwani inamning'inia kifuani kwa uzi. Akatazama vidole vyangu vyeusi, akauliza kama ni dawa ya viatu. Nikasema ya magoti. Akasema kama ni dawa, cheti cha daktari kiko wapi, na kama si dawa, nani kanilazimisha kuandika dawa. Nikasema basi ni chakula. Akauliza huliwa na mboga gani.

Hapo nikajua anataka kitu. Nikakohoa kile kikohozi cha watu wazima; akaniletea maji. Nikamkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Akanionyesha bomba la kunawia. Mwishowe akasema kopo moja litapelekwa maabara, nirudi baada ya wiki mbili.

Dada, wiki mbili hizo nilimshuku kila mwenye sare. Nilikuwa nikipita pale kila nikipata upenyo. Mlinzi wao siku ya kwanza alikuwa anachechemea. Siku ya nne nikamwona anashuka ngazi kama mbuzi. Nikamwambia wifi yako kwamba wale watu wanameza vidonge vyetu kwa chai. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mlinzi huyo akiwa na viatu vingine. Siku iliyofuata nikamtazama miguuni: viatu vipya. Vile vya zamani vilikuwa kibandani kwangu, vimeletwa na mkewe, vinasubiri kisigino.

Jana majibu yalitoka. Yule mama alivaa miwani, akanisomea polepole. Ndani ya vidonge mna dawa kali ya maumivu ambayo kopo halikuitaja. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu akimeza vile kila siku, tumbo huchubuka na figo huchoka. Akaniuliza kama nyumbani kuna aliyewahi kuvimeza. Dada, nilikohoa tena, safari hii bila kukusudia. Akaleta maji yale yale.

Akanipa fomu ya kukubali makopo yachomwe. Ilikuwa na swali lile lile, aina ya mzigo. Nikamuuliza niandike nini. Akasema niandike ninachojua. Nikaandika: Sijui. Akagonga muhuri, akaniambia nikimbie kwa mama yangu.

Sasa majibu yako. Aliyewasha moto ni mimi. Mama alimeza vidonge vile wiki saba, asubuhi na jioni, juu ya dawa zake za shinikizo. Na zawadi anayokushukuru ni hiyo. Nilijua hawezi kumeza kitu cha fundi viatu, nikamwambia umemtumia wewe. Alikuwa akibusu kopo kabla ya kulifungua.

Ninaloonea haya zaidi ni hili. Tumbo lilipoanza kuuma, nawe ukaandika habari ya pilipili, nilinyamaza. Ilinifaa. Wifi yako alipandisha chupa yake ya pilipili juu ya kabati, akatupikia wiki tano chakula cha wagonjwa, naye hana kosa.

Jana ile ile nilimpeleka Mama hospitali na karatasi ya maabara mkononi. Ana kidonda tumboni. Figo zimechoka kidogo, ila daktari anasema zitarudi kwa kuwa tumewahi. Atalala huko siku nne. Vidonge vimekwisha, na magoti yamerudia ugonjwa wake. Nilipomweleza ukweli alisema alishangaa tangu mwanzo, maana wewe hujawahi kutuma kitu kikafika kwa wakati.

Wifi yako nilimwambia jikoni. Alivuta kigoda, akaishusha chupa, akaiweka katikati ya meza, mbele yangu.

Wanao wape salamu za mjomba wao. Utakapojibu, nitukane utakavyo, nimestahili. Ila kama salamu zako zina kipimo, chukua zangu, umpe wifi yako.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Kigumu, jina ulilonipa mwenyewe